UTANI, VIBONZO NA JINA LA MCHORAJI

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu wa mwaka, Bukene)



Kamati iliponiomba niseme maneno machache, nilidhani nitatakiwa niseme juu ya utumishi wa umma, maana ndiyo kazi niliyoifanya tangu nitoke Chuo Kikuu. Katibu akaniambia, "Hapana bwana, wewe sema juu ya vibonzo vya mpira, maana ndivyo vilivyotaka kutuvunjia chama." Naona wanafunzi wanacheka. Waliomo katika kundi letu la simu hawacheki, kwa kuwa wanajua kwamba Katibu hakuwa anatania.

Kwa faida ya wasiojua, mambo yalikuwa hivi. Tarehe 5 Novemba 2023, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1. Kabla watu hawajatoka uwanjani, simu zetu zilikuwa zimejaa picha. Kulikuwa na simba aliyelazwa wodini ametundikiwa chupa tano za maji, na simba aliyefungwa kanga kiunoni akiosha vyombo vya chura. Mimi ni mtu wa Msimbazi tangu utoto, na picha ya wodini nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Lakini siku ya pili ikaingia picha nyingine. Hiyo ilikuwa na sura ya mwenzetu mmoja, mtu wa Simba kama mimi, imekatwa kutoka katika picha aliyopigwa kwenye arusi ya binti yake na kubandikwa juu ya mwili wa mbuzi anayevutwa kamba, na aliyeshika kamba ni bibi arusi mwenyewe. Hakuna aliyejua nani ameitengeneza. Kila aliyeulizwa alisema na yeye ametumiwa tu. Wenzetu watatu wakajitoa katika kundi, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akitunza mfuko wetu wa madawati. Ndiyo maana, ndugu wanafunzi, baadhi yenu mmekaa sakafuni.

Sasa wapo waliosema Kamati ipige marufuku vibonzo vyote vya mpira. Mimi nimekuja kusema kwamba sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini, ingawa kueleza huko kutanitia aibu kidogo.

Kuchekana juu ya mpira si jambo letu peke yetu. Huko Marekani wana mpira wao wanaouita wa miguu, ambao kwa kweli huchezwa zaidi kwa mikono, na ligi yao kubwa ina timu 32. Mwaka 2016 Bleacher Report walianza kutoa katika intaneti vibonzo vinavyotembea, jina lake Gridiron Heights, vya kuwadhihaki wachezaji na makocha wa ligi hiyo. Mwanangu alinionyesha. Kanuni za mchezo wenyewe sikuzielewa, na nusu ya vichekesho vikanipita. Lakini jambo moja lilinishika: waliovibuni wamewaweka wachezaji wote wakae mtaa mmoja, kama majirani. Yule aliyefungwa Jumapili anakutana na aliyemfunga. Nikasema moyoni, hawa jamaa wamegundua utani bila kujua jina lake.

Sisi wa hapa jina lake tunalijua. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu na mizigo ya nguo kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi, safari ya miezi, mtu na mzigo wake wa ratili sitini au sabini begani. Walipita Ugogo, wakapita Uluguru na Uzaramo, wakilala katika nchi za watu wasiowajua, wakihitaji maji na chakula, na wengine wakifia njiani. Utani wetu na Wazaramo na wengineo wa njia ile umekomaa humo. Katikati ya miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alihariri majuzuu kadhaa ya maandiko juu ya utani wa makabila yetu, nami nilipokuwa mwanafunzi pale nilijifungia nayo maktaba wakati wenzangu wakisoma ya mtihani. Mtani anaweza kukutukana hadharani, anaweza kuchukua kuku wako, na usikasirike. Lakini siku ya msiba huyo huyo ndiye anayekuja mbele, anashika jembe, anawachekesha wafiwa wasizimie kwa kulia. Kwa hiyo watu wa mpira walipoziita Simba na Yanga watani wa jadi, waliazima neno zito kuliko walivyodhani.

Na kweli timu hizi zimetaniana. Yanga ni ya mwaka 1935, Simba ya mwaka 1936, na majengo yao yako Kariakoo, ng'ambo hii na ng'ambo ile. Wazee wa Yanga hawachoki kutukumbusha tarehe 1 Juni 1968, tulipofungwa 5 kwa 0 tukiwa bado tunaitwa Sunderland. Sisi tunawajibu kwa tarehe 19 Julai 1977, 6 kwa 0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Wao wanaitwa vyura kwa sababu Jangwani hujaa maji mvua zikinyesha. Sisi tumeitwa majina ambayo mbele ya Mwalimu Mkuu sitayataja.

Vibonzo navyo vina ukoo wake. Wazee mnamkumbuka Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Baadaye likaja jarida la Sani na akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, na kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Katika siku zetu yuko Masoud Kipanya na kijipanya chake, na yuko Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeingia magazeti ya Nation ya Nairobi mwaka 1992. Watu hawa wamewachora wakubwa na wadogo, na wengine wamelipia kalamu yao: mkataba wa Gado na Nation ulikoma mwaka 2016. Naomba mtazame jambo moja tu katika picha zao zote. Kona ya chini pana jina. Aliyechukia anajua mlango wa kugonga.

Hapo ndipo ninapofika kwenye habari yangu.

Mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa za El Nino, nilikuwa kidato cha tatu hapa hapa. Timu yetu ilicheza na shule jirani, tukafungwa mabao matano. Golikipa wetu alikuwa Mzaramo, mtoto wa mfanyakazi wa reli pale stesheni ya Bukene, kwa hiyo alikuwa mtani wangu halali kabisa. Usiku ule nikachukua karatasi ya manila nikachora. Nilimchora golini amevaa kofia ya reli, mkononi bendera ya kijani, na mipira mitano inapita kati ya miguu yake kama mabehewa ya gari la Mwanza. Nyuma ya wavu nilimchora baba yake akipiga makofi kwamba hakuna gari lililochelewa. Chini nikaandika: BUKENE, GARI HALISIMAMI.

Picha ilikuwa nzuri. Nasema hivyo hata leo. Alfajiri niliibandika kwa uji wa sembe kwenye ukuta wa bwalo, na kufikia saa ya chai shule nzima ilikuwa imeshika mbavu.

Lakini sikuweka jina.

Golikipa alikuja, akatazama kwa muda mrefu, hakucheka. Shuleni kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyejulikana kwa kuchora. Michoro ya panzi na moyo wa mwanadamu katika darasa la Biolojia ilikuwa yake. Golikipa akamfuata moja kwa moja kwenye foleni ya uji, akampiga ngumi moja ya mdomo, jino la mbele likatoka. Yule mwenzetu alikuwa akiapa kwamba siye yeye, na damu ikimtoka. Mimi ndiye niliyemletea beseni la maji asukutue. Nilimshikia beseni, ndugu zangu, nikanyamaza.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba siku ile baba yake golikipa alikuwa amelazwa Tabora, mgonjwa sana. Ningekwenda kumtania usoni, angeniambia, "Mtani, leo niache, mzee yuko hospitali," nami ningeacha, na pengine ningempa shilingi za nauli. Mtani wa usoni husimamishwa kwa neno moja. Karatasi ukutani haina masikio.

Mzee yule alifariki mwezi uliofuata, akazikwa hapa Bukene. Tulikwenda kidato kizima. Wafiwa walikuwa wakilia kwa uchungu, maana ndugu wengi wa Pwani hawakuweza kufika. Ndipo yule mwenye jino lililotoka, naye ni Mnyamwezi, alipojitokeza katikati ya watu, akaingia kaburini, akajilaza. Akasema hatoki na Mzaramo hazikwi mpaka alipwe jino lake, na asipolipwa basi marehemu aache la kwake. Wazee wa Kinyamwezi wakamuunga mkono, wakataka na kuku wa juu. Nilimwona golikipa akicheka huku machozi yanamtoka. Akatoa sarafu mfukoni, akashuka mwenyewe akamshika mkono yule mwenzake kumtoa kaburini. Tangu siku ile walikuwa marafiki.

Nami nilikuwa wapi? Nilisimama nyuma kwenye mwembe. Mdomo ulikuwa mzito. Hakuna aliyenizuia kwenda mbele, nami ndiye niliyekuwa na deni kubwa kuliko wote. Ila nilijua kwamba mtu aliyetania kwa kujificha hana mahali pa kusimama msibani.

Kwa hiyo niliposikia habari ya picha ya mbuzi, sikuuliza kwamba ni tusi kubwa kiasi gani. Chakubanga alikuwa na makali, na babu zetu walitukanana vibaya kuliko hivyo. Niliuliza nani ameiweka jina. Siku hizi mtu asiyejua hata kushika penseli anaiamuru akili mnemba imchoree, anarusha, anakwenda kulala, na asubuhi anasema nimetumiwa. Mwenye kuchekwa amebaki na simu mkononi, hajui ampige nani ngumi, au amdai nani kuku. Nimeona hata vibonzo ambavyo vimemwacha mchezaji mwenyewe vikamchora mama yake mzazi, ambaye pengine hajawahi kuingia uwanjani.

Juzi usiku, kabla ya safari ya kuja hapa, niliwapigia simu wote wawili, kwa kuwa sikutaka kusema mbele yenu neno ambalo wao hawajalisikia. Golikipa, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, alinyamaza kidogo kisha akapiga kelele, "Mnyamwezi we! Miaka yote hiyo unaniramba kisogo!" Akacheka sana, akasema ninadaiwa mbuzi, na kwamba mbuzi huyo asiwe na sura ya mtu. Kumbe naye habari za kundi zimemfikia.

Yule wa jino hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyeshika beseni, nikasema ndiyo. Akasema, "Nitakujibu." Mpaka nasimama hapa hajanijibu, nami simharakishi, maana mimi nimemweka zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Ndugu Mwenyekiti, ombi langu kwa Kamati ni dogo. Msivipige marufuku vibonzo. Amueni kwamba katika kundi letu kila kibonzo kirushwe na aliyekitengeneza, na jina lake liwepo, na asiyekitengeneza asikirushe. Najua zitapungua. Zitakazobaki zitakuwa za watani. Aliyetengeneza ile ya arusi, kama yumo humu, simtaki asimame leo, ila namba ya simu ya mwenzetu aliyechorwa anayo, na mbuzi Bukene si ghali kama Dar es Salaam. Nina hakika mtunza mfuko wetu atarudi kabla madawati hayajafika.

Kwa wanafunzi, Mwalimu Mkuu ameniruhusu kulirudisha lile gazeti la ukutani pale bwaloni. Nimewaletea karatasi za manila, kalamu za rangi na gundi ya dukani, ili uji mnywe. Ya kwanza nimeichora mwenyewe jana jioni, na mkono umekuwa mzito kwa kuandika barua za serikali, mniwie radhi. Ni kijana wa kidato cha tatu, shati limechomekewa vizuri, ameshika beseni. Jina langu liko chini, kona ya kulia.