SERIKALI NDOGO, LAKINI IPUNGUZWE WAPI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Twasikia kila mahali ya kwamba Serikali ni kubwa mno, yafaa ipunguzwe. Wengine wetu wakisikia hivyo hukasirika mara moja. Sisi hatukasiriki. Kodi hukatwa katika mshahara wetu kabla hatujaushika mkononi, basi tuna haki ya kuuliza inalisha watu wangapi. Bunge la Taifa lina viti 349 na Seneti 67, bila ya kuhesabu Maspika, na tena kuna mabunge 47 ya kaunti.

Lakini kisu hushuka wapi? Mwaka 1993 Serikali, ikihimizwa na wakopeshaji wa nje, ilianza mpango wa kuwastaafisha watumishi kwa hiari. Walioitwa walikuwa wa daraja za chini, A hadi G, yaani matarishi na wenzao. Mwaka 2019 ukaja mswada wa Punguza Mizigo, wa kupunguza wabunge na maseneta kutoka 416 hadi 147. Ulipelekwa katika mabunge ya kaunti, nao ukafia huko. Tarishi hakupata bunge la kumwulia mswada wake.

Sasa tuje katika kazi yetu. Mtu wa ofisini akiliona genge la njia, aona watu wenye nyundo wakitembea polepole, auliza, hawa wafanya nini? Ndugu, wanatazama. Watazama taruma lililooza, nati iliyolegea, kokoto zilizochukuliwa na mvua. Wakifanya kazi vema hakuna habari yo yote, gari lapita tu. Ndiyo maana ni rahisi kuwaondoa.

Uingereza walijaribu. Miaka ya 1990 Serikali yao iliuza reli. Njia ikawa ya kampuni ya Railtrack, nayo ikawapa makontrakta kazi ya kuitunza. Tarehe 17 Oktoba 2000, karibu na Hatfield, reli yenye nyufa ilivunjika chini ya gari la kasi, watu 4 wakafa. Nyufa zilikuwa zimejulikana, na reli za kubadili zilikuwa zimepatikana, ila hazikutiwa. Mwaka 2001 Railtrack ilishindwa, na mwaka uliofuata njia ikachukuliwa na Network Rail, ambayo tangu 2014 yahesabiwa kuwa ya Serikali. Basi Serikali ilipungua katika karatasi, na hasara ikarudi kwake.

Hapa kwetu, Novemba 2006, reli ilikabidhiwa kampuni kwa miaka 25. Mkataba ukavunjwa mwaka 2017, hata nusu yake haijafika.

Mwenzetu mmoja alituambia, "Kwani ilipokuwa ya Serikali ilitunzwa?" Neno lake ni la haki. Njia ilichakaa mikononi mwa Serikali kabla ya 2006, na mwizi wa ofisini si bora kwa kuwa analipwa na Serikali. Huyo na aondolewe, tutamfungulia mlango.

Lakini atakayetuletea karatasi ya kupunguza watu, na atuonyeshe kila kazi itakayoachwa na jina la atakayeifanya. Kwa hiyo twaomba kila genge liandike urefu wa njia yake, idadi ya watu wake, na mahali palipo pabaya. Karatasi hizo zimfikie Katibu kabla ya mkutano ujao.