Ramani ya Mji na Hati ya Kiwanja



Wataalamu wa mipango husema mji huanza kwa ramani. Huku kwetu Malindi na Kilifi, twaona huanza kwa hati. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai katika ukanda wa maili kumi alithibitishe; ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa ukoo, walitoka mikono mitupu, wakaja kuitwa maskwota. Nani basi atajenga kwa mawe juu ya kiwanja kisicho chake? Hujenga kwa udongo na makuti, kisha mpangaji wa mji huiita nyumba hiyo uchafu! Twaomba, kabla barabara haijachorwa, iulizwe hati i mikononi mwa nani.