Seva Ilipowakataa Makarani Wetu

Maelezo yaliyotolewa na kitengo cha kompyuta mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili.



Tumeombwa tueleze kwa nini zahanati yetu moja ilikaa siku nane bila dawa ya mseto mwanzoni mwa Julai 2023, na kwa nini lawama zote ziliangukia kompyuta. Tunashukuru kupewa nafasi hii. Tuseme mapema kwamba kompyuta ilifanya kile ilichoambiwa. Waliokosea ni sisi, na tungependa mlisikie hilo kutoka kwetu wenyewe kabla hamjalisikia sokoni.

Kama mnavyofahamu, seva inayotunza hesabu za dawa iko hospitali. Makarani wa zahanati hawasafiri kwenda huko. Kila mmoja anafungua laptopu yake, anatumia programu ndogo iitwayo PuTTY, na kupitia intaneti anaingia ndani ya seva kana kwamba ameketi mbele yake. Njia hiyo ya kuingia kwa mbali inaitwa SSH. Ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, baada ya wezi kunasa maneno ya siri ya watu katika mtandao wa chuo chake. Kabla ya hapo maneno ya siri yalisafiri wazi, kama barua isiyo na bahasha. Kwa SSH kila kitu kinafungwa, na karani hahitaji hata kuandika neno la siri: kufuli lake tunaliweka kwenye seva, ufunguo anabaki nao yeye kwenye laptopu.

Seva yetu ilikuwa ikitumia Ubuntu 18.04. Muda wa kawaida wa toleo hilo kupata marekebisho ya usalama uliisha tarehe 31 Mei 2023, hivyo tulilazimika kupandisha toleo. Ijumaa ya tarehe 23 Juni jioni tulianza kazi tukiwa ofisini, kwa mbali. Huwezi kuruka, unapanda kwanza 20.04 kisha 22.04. Kwa mtandao wetu kazi hiyo ilikula usiku kucha. Jumamosi asubuhi tulijaribu kuingia, tukaingia bila shida. Tukatumiana ujumbe wa pongezi, tukaenda kulala.

Jumatatu simu zikaanza. Karani wa kwanza alisema seva imeukataa ufunguo wake. Tukamwambia azime laptopu na kuiwasha tena, jambo ambalo fundi humwambia mtu pale asipojua la kusema. Wa pili alisema yeye amekubaliwa, ameona maneno ya kukaribishwa, kisha dirisha likafungika lenyewe. Wa tatu alikuwa kama wa kwanza. Sisi wenyewe tulikuwa tukiingia na kutoka tunavyotaka, kwa hiyo tukaamini tatizo liko kwao, pengine ni mtandao wa simu.

Hapo ndipo tulipopoteza siku nzima. Wauguzi mlioko hapa mnajua kwamba malaria na homa ya matumbo zote huleta joto la mwili, na anayetibu joto tu atakesha. Kumbe tulikuwa na magonjwa mawili, nasi tulikuwa tukitafuta moja. Siku hizi tunamuuliza karani swali moja kwanza: umekwama wapi? Kama seva haijibu kabisa, tatizo liko njiani. Kama inajibu lakini inakataa ufunguo, tatizo liko mlangoni. Kama inakubali ufunguo halafu inamtoa mtu nje, mlango ni mzima. Kilichokufa ni chumba anachoingia. Jibu la swali hilo lilikuwa limeandikwa tayari katika faili ya kumbukumbu za seva, ile iitwayo auth.log. Hatukuifungua hadi Jumanne.

Kabla ya kuifungua tulifanya kosa jingine ambalo hatulioni fahari kulisimulia. Jumatatu usiku, kwa haraka ya kuwasaidia makarani, tuliruhusu kuingia kwa neno la siri bila ufunguo. Asubuhi tulikuta kurasa kwa kurasa za watu tusiowajua, kutoka nje ya nchi, wakibahatisha majina na maneno ya siri. Hakuna aliyefanikiwa. Tulifunga mara moja.

Sasa ugonjwa wa kwanza. Kumbukumbu zilisema wazi kwamba aina ya ufunguo inayotumwa haikubaliki. Ufunguo wenyewe ulikuwa mzima. Kilichokataliwa ni namna laptopu ilivyokuwa ikiweka sahihi kwa ufunguo huo, kwa hesabu ya zamani iitwayo SHA-1. Mwaka 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Amsterdam walionyesha hadharani kwamba hesabu hiyo inaweza kughushiwa. Watengenezaji wa OpenSSH, ambayo ndiyo SSH iliyomo katika Ubuntu, waliacha kuikubali kama jambo la kawaida kuanzia toleo la 8.8 la Septemba 2021. Ubuntu 22.04 ilikuja na 8.9. Kwa upande wa makarani, PuTTY ilianza kuweka sahihi kwa njia mpya katika toleo la 0.75 la Mei 2021. Laptopu zetu nyingi zilikuwa na PuTTY ya siku zilipotolewa kama msaada, miaka kadhaa nyuma, na hakuna aliyezigusa tangu hapo. Sisi mafundi tunatumia funguo za aina nyingine, ndiyo maana hatukuona kitu.

Dawa yake ni kubadili PuTTY. Kwa muda tuliongeza mstari mmoja kwenye seva wa kuikubali sahihi ya zamani, tukauondoa baada ya kuzizungukia zahanati zote. Tunawaomba radhi makarani wawili tuliowasumbua watengeneze funguo mpya. Haikuwa lazima.

Furaha ilidumu kama dakika tano. Makarani wote waliofunguliwa mlango sasa walipata ugonjwa wa pili: wanakaribishwa, wanafukuzwa. Mtu akiingia kwenye seva, hupokewa na programu inayosikiliza amri, mafundi huiita sheli. Makarani wetu hawakupewa sheli ya kawaida. Mtu aliyejitolea kwetu miaka mingi iliyopita aliwaandikia menyu: bonyeza 1 kupokea dawa, 2 kutoa, 3 kuagiza. Menyu hiyo ndiyo iliyowekwa mahali pa sheli. Kwenye skrini, kabla dirisha halijafungika, ulipita ujumbe kwamba faili ya menyu haipo. Tukaitazama, ipo, haijaguswa. Tulibishana juu ya hilo kwa saa nyingi, na mmoja wetu alianza kulaumu diski.

Jibu lilikuwa katika mstari wa kwanza wa faili yenyewe. Mstari huo unaitaja programu ya kuisomea, yaani Python, na menyu yetu ilikuwa imeandikwa kwa Python 2. Lugha hiyo iliachwa kutunzwa tarehe 1 Januari 2020, na tulipopandisha toleo iliondolewa. Faili ilikuwepo, msomaji wake ndiye hakuwepo, na kompyuta haikututofautishia. Tuliirudisha Python 2, tukarekebisha mstari ule, na alasiri ya Alhamisi tarehe 29 Juni makarani wakaingia. Mwezi wa Agosti menyu yote iliandikwa upya kwa Python 3.

Lakini oda ya dawa ilikuwa imefungwa Jumatano. Zahanati moja ilipeleka hesabu zake kwa simu, kwa sababu muuguzi wake alikuwa bado anaandika daftari kila jioni. Nyingine haikuwa na daftari, na sisi ndio tuliowaambia daftari limepitwa na wakati. Siku nane mama mwenye mtoto mwenye homa alipimwa pale, akakutwa na malaria, akaelekezwa kutembea hadi hospitali. Wajumbe wa parokia hiyo wamezungumza kwa ukali, na wana haki.

Kuna pendekezo mezani la kuachana na seva na kurudi kwenye makaratasi. Hatuliungi mkono, maana oda iliyokuwa ikichukua wiki mbili sasa inafika siku hiyo hiyo. Tunachokubali ni kwamba daftari lirudi kila zahanati na libaki. Kwa wafadhili wetu, safari hii hatuombi kompyuta mpya. Tunaomba mafuta ya pikipiki na siku za fundi, ili kabla ya kupandisha toleo tena, kwa kuwa 22.04 imepangiwa matunzo ya kawaida hadi mwaka 2027, tujaribu kwanza kwenye mashine ya pembeni, kwa laptopu na ufunguo wa karani badala ya vyetu. Na kazi hiyo haitafanyika tena wiki ya mwisho wa mwezi. Kamati zituletee majina ya makarani na tarehe ya oda ya kila zahanati, tupange kalenda pamoja.