Mgonjwa Kwanza, Maswali Baadaye
Hotuba kwa wakazi wa Mella na majirani wa mpakani



Leo hatukuja kuzungumzia wizi wa mifugo wala magendo. Tumekuja kuzungumzia afya. Huenda mzee mmoja akajiuliza, polisi na zahanati wapi na wapi? Jibu lake ni rahisi. Hapa mpakani, mtu anayeumwa hukutana na askari kabla ya kukutana na daktari. Akimwogopa askari, humzunguka kupitia njia za panya, na ugonjwa humfuata huko huko.

Tukumbuke mwaka 2020. Malori yalipanga foleni ndefu Malaba na Busia yakisubiri vipimo vya korona, na wengi wenu mlizuiwa kuvuka kwenda sokoni, shambani, hata matangani. Tunakiri mbele yenu kwamba katika siku zile sare yetu iliogopwa kuliko ugonjwa wenyewe, na baadhi yetu askari tulichangia hofu hiyo. Kosa hilo hatutaki lirudiwe.

Ebola ilipotangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025, muuguzi aliyefariki Mulago alikuwa amepita pia Mbale akitafuta tiba. Mbale si mbali nasi. Mlipuko ule ulitangazwa kumalizika tarehe 26 Aprili mwaka huo huo, kwa sababu waliokutana na wagonjwa walitafutwa, wakafuatiliwa, nao wakakubali kufuatiliwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Anayepimwa joto kwenye kituo cha mpakani hapotezi muda mrefu. Anayekwepa kipimo aweza kuipotezea jamaa yake nzima uhai.

Lakini adui wetu wa kila siku ni malaria. Wilaya yetu ya Tororo imejulikana kwa ugonjwa huu kwa miaka mingi. Watafiti waliokuwa Nagongera kabla ya upuliziaji walikadiria kuwa mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Upuliziaji wa dawa ndani ya nyumba ulipoanza mwishoni mwa mwaka 2014, malaria ilishuka sana. Kisha kuanzia mwaka 2020 ikapanda tena. Nalo somo moja likadhihirika: mbu hana kitambulisho wala hasimami kwenye kizuizi. Nyumba zilizo karibu na eneo lisilopuliziwa hubaki hatarini hata zikipuliziwa zenyewe. Kwa hiyo, wapuliziaji wafikapo, tuwafungulie milango. Chandarua cha serikali ni cha kitanda. Si cha kuvulia samaki wala kuzungushia bustani ya mboga.

Tuna silaha mpya pia. Chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini Uganda tarehe 2 Aprili 2025. Mtoto hupewa dozi nne: akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18. Wenzetu wa Kaunti ya Busia, Kenya, walitangulia kuanza kuipata mwaka 2019. Akina mama wengi mnaishi pande zote mbili. Leo mko kwa wazazi, kesho mko kwa wakwe. Kila mvukapo, bebeni kadi ya mtoto. Muuguzi wa upande wa pili akiiona atajua dozi ipi imetolewa na ipi imebaki. Dozi ya mwisho ndiyo husahaulika, kwa kuwa mtoto amekwisha kutembea nasi twadhani amekwisha kinga.

Sasa tuseme jambo zito. Mtu aliyebakwa asisubiri karatasi ya polisi ndipo atibiwe. Aende kituo cha afya mara moja. Dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Fomu tutaijaza baadaye. Fomu hiyo, iwe Fomu 3 ya Uganda au P3 ya Kenya, haina malipo. Wazazi, tafadhali msimalize mambo haya kwa mbuzi na maneno ya faragha huku binti akiangamia.

Kwa hayo, tunawaahidi mambo matatu. Kwanza, mgonjwa akikutana na doria yetu, hata kama amepita njia ya panya, atasaidiwa kufika kwenye tiba, maswali yatangoja. Pili, hakuna askari mwenye haki ya kudai fedha kutoka kwa mgonjwa au anayemsindikiza. Akidai, mripotini kwa kitengo cha nidhamu ya polisi, PSU. Na kwa upande wa Kenya, kwa IPOA. Tatu, wahudumu wa afya wa vijiji, wale mnaowaita VHT, wakikumbana na vitisho katika kazi yao, watulete, nasi tutasimama nao.

Nasi tunawaomba mambo matatu. Piteni kituo rasmi mnapoweza. Msinunue dawa zenye alama ya serikali ya Uganda zikiuzwa kioskini, kwani zimeibwa kutoka kwa mgonjwa mwenzenu. Na mwonapo ugonjwa wa ajabu au kifo kisichoeleweka, toeni habari kabla ya mazishi.

Mto Malaba umetugawa kwa nchi, lakini maradhi hayajui mgawanyo huo. Tukilindana, tutapona pamoja.