Jibu Lililomo na Jibu Tulitakalo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi letu, Eastleigh, Jumamosi jioni. Inachapishwa hapa kwa ombi la wale waliokuwa zamu.)



Najua wengine wenu mmetoka zamu moja kwa moja, hamjaonja hata chai, na wengine mmewaachia watoto mizigo yenu huko First Avenue. Basi sitawaweka mpaka usiku. Kamati imeniomba nizungumze juu ya maswali ya ufahamu, yaani yale ya kusoma habari kisha kuchagua jibu moja katika manne, A, B, C au D. Katibu aliniambia ya kwamba wanachama wengi wanauliza jambo hili. Wako wanaotaka kufanya mitihani ukubwani, na wako ambao mtoto huleta karatasi nyumbani jioni, baba akajifanya ana usingizi.

Nililikubali ombi hili kwa sababu nina deni. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kamati ya wafanya kazi mahali fulani Industrial Area. Jina la kampuni tuliache. Tulikuwa tukidai gari la kuwarudisha nyumbani watu wa zamu ya usiku. Tukazungumza na wakubwa majuma matatu, mwisho tukaletewa karatasi. Ilisema ya kwamba mwajiri anatambua umuhimu wa usalama wa wafanya kazi wake, na atajitahidi, kadiri hali itakavyoruhusu, kutafuta njia ya kuwasafirisha. Mimi ndimi niliyeisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, na mimi ndimi niliyesema, "Gari limepatikana!" Watu wakapiga makofi, tukatia sahihi.

Miezi sita ikapita bila gari. Dada mmoja wa zamu yetu akanyang'anywa mshahara wa mwezi mzima akirudi Eastleigh kwa miguu usiku. Tulipokwenda kulalamika, meneja alifungua karatasi ile ile akaniambia, "Nionyeshe neno nitaleta." Nikalitafuta mstari kwa mstari, watu wananitazama. Halikuwamo. Nilikuwa nimesoma nilichokitaka, si kilichoandikwa.

Tangu siku ile siyadharau maswali ya A, B, C na D. Watoto wa Kenya waliyafanya katika KCPE tangu mwaka 1985 mpaka 2023, na karatasi ya Kiswahili ilikuwa na maswali 50 ya namna hii. Wengi huyaona kama bahati nasibu. Si bahati nasibu.

Sasa tufanye moja pamoja. Habari hii nimeitunga kwa maneno yangu kutokana na karatasi ya serikali ya mwaka 1965, Sessional Paper Nambari 10, iliyohusu Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya Kenya. Wazee wanaikumbuka. Aliyeitetea Bungeni ni Tom Mboya, wakati huo Waziri wa Mipango ya Uchumi, ambaye kabla ya hapo alikuwa katibu mkuu wa Kenya Federation of Labour. Kwa hiyo ni maneno ya mtu aliyetoka nyumba yetu hii ya wafanya kazi. Sikilizeni:

"Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilisema ya kwamba shabaha zake ni usawa katika siasa, haki kwa watu wote, heshima ya binadamu, uhuru wa dhamiri, kuondoa uhitaji, maradhi na unyonyaji, nafasi sawa kwa wote, na mapato yanayokua na kugawanywa kwa haki. Ilikataa kuiga ubepari usio na mipaka, ikakataa pia kuifuata siasa ya Marx. Ilisema kutaifisha mali ni chombo cha kutumiwa kwa uangalifu, na mwenye mali alipwe fidia. Kwa kuwa fedha zilikuwa chache, fedha za maendeleo zipelekwe mahali zitakapoongeza mapato ya nchi kwa wingi zaidi, penye ardhi nzuri na mvua, barabara na umeme, na watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Nchi ikipata zaidi, sehemu nyingine zitasaidiwa kutokana na hayo."

Swali la kwanza. Kulingana na habari hii, fedha za maendeleo zilipangwa kwenda kwanza wapi? A, kila wilaya kwa kiasi sawa. B, wilaya zilizo maskini kuliko zote. C, mahali zitakapoleta mapato mengi zaidi. D, mahali penye viwanda vya serikali.

(Mikono iliinuliwa. Wengi walichagua A, wachache B, watu wanne C.)

Ninyi wanne mmepata. Msicheke wenzenu, maana hao wengi wameanguka mahali nilipoanguka mimi. Mama hapa mbele ameniambia, "Lakini imesema nafasi sawa kwa wote." Kweli mama, imesema. Lakini tazama imesema wapi. Maneno yale yako katika orodha ya shabaha, na swali halikuuliza shabaha, liliuliza fedha zinakwenda wapi kwanza. Karatasi ya namna hii ina sehemu mbili. Iko sehemu inayosema tunatamani kufika wapi, na iko sehemu inayosema tutapita njia gani. Shabaha ilikuwa usawa, na njia ilikuwa kumwagilia mti uliokwisha kuzaa ili uzae zaidi. Mtunga mitihani anajua ya kwamba neno zuri hukaa moyoni, basi hulichukua neno hilo la shabaha akaliweka katika jibu la A, ukaliona, ukafurahi, ukaliwekea alama.

Hapa niseme kidogo nje ya mtihani. Katika Eastleigh hii tunao majirani wengi ambao wazee wao walitoka Garissa, Wajir, Marsabit na Moyale. Hao hawahitaji kufundishwa jibu la C. Ukitafuta penye mvua, barabara na umeme, kwao hukufiki. Ikachukua miaka 45, mpaka Katiba ya mwaka 2010, ndipo Kifungu cha 204 kikaanzisha mfuko wa kusawazisha, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Laiti watu wengi zaidi wangaliisoma sehemu ile ya pili mwaka 1965, labda kelele zingalianza mapema. Wako walioisoma na kuuliza. Lakini hawakuwa wengi.

Swali la pili. Serikali ilisema nini juu ya kutaifisha mali? A, itataifisha mabenki yote. B, haitataifisha kitu chochote kamwe. C, itatumia njia hiyo kwa uangalifu na kulipa fidia. D, itawapa wafanya kazi viwanda vyote.

Bwana mmoja nyuma amesema A kwa sauti kubwa, na najua ameitoa wapi. Ameitoa Tanganyika, au tuseme Tanzania. Ni kweli kabisa ya kwamba mabenki yalitaifishwa huko mwezi wa Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha la Mwalimu Nyerere. Neno ujamaa limo kule na limo hapa kwetu, lakini mambo ni mawili mbalimbali. Jibu laweza kuwa kweli duniani na likawa kosa katika karatasi, kwa sababu habari uliyopewa haikulisema. Ukiona "kulingana na habari", elimu yako nyingine iweke mfukoni kwanza. Itakufaa baadaye.

Na lile la B, tazameni maneno "chochote" na "kamwe", na katika D neno "vyote". Maneno makubwa ya namna hiyo mara nyingi ni mtego, maana mwandishi wa habari hakuthubutu kusema hivyo. Mara nyingi nimesema, si kila mara. Likiwamo katika habari yenyewe, basi limo.

Kuna swali la kuchagua kichwa cha habari, na hilo nalipita upesi. Kichwa kisiwe chembamba kikaacha nusu ya habari, wala kipana kikabeba Afrika nzima.

Na kama hujui? Ukikisia tu, una nafasi moja katika nne. Ukiweza kuyafuta mawili ambayo kwa hakika hayamo, una nafasi moja katika mbili. Basi anza kwa kufuta, usianze kwa kuchagua. Kila jibu uliulize swali moja: mstari wako uko wapi? Lisiloweza kukuonyesha mstari, lipige kalamu. Ni lile swali aliloniuliza meneja, na laiti ningalijiuliza mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Kijana mmoja ameniuliza hapa, "Mwalimu, nikichagua C, si nimekubali ya kwamba wilaya kavu zingoje?" Hapana, ndugu yangu. Alama yako yasema hivi ndivyo ilivyoandikwa, basi. Kukubali au kukataa ni jambo la mkutano, na huku una haki ya kusimama na kusema ni vibaya. Lakini ukisimama kuishambulia karatasi kwa neno lisilokuwamo, mwajiri atakufungulia ukurasa mbele ya watu, kama nilivyofunguliwa mimi. Soma kwanza, kisha gomba.

Nawaachia moja la kwenda nalo. Kifungu cha 43 cha Katiba chasema kila mtu ana haki ya matibabu, nyumba ifaayo, chakula, maji safi, msaada wa jamii na elimu. Kifungu cha 21 chasema serikali itachukua hatua ili haki hizo zitimizwe kidogo kidogo. Swali: mtu anayelala chumba kimoja na watu saba hapa Section Three, Katiba inampa nini? A, nyumba mwaka huu. B, haipi kitu, ni maneno matupu. C, haki ya kudai, na wajibu wa serikali kuonyesha hatua inazochukua. D, nyumba kama ni mwanachama. Msijibu sasa. Visomeni vifungu vyote viwili, maana ukisoma kimoja tu utapata jibu jingine.

Majibu mniletee Jumamosi ijayo saa kumi, hapa hapa. Na mwenye nakala ya mapatano ya kazini kwake aje nayo, tutafute pamoja kila mahali palipoandikwa "atajitahidi".