Tandiko la Mtumba: Picha Haioni Ndani

Msikilizaji, tandiko la farasi lililotumika huweza kung'aa kwenye simu huku kiunzi chake kimevunjika. Kiunzi kimefunikwa na ngozi, kamera haikioni. Hata liwe limeshonwa Walsall, mji wa Uingereza unaosifika kwa matandiko, jina halitengenezi kilichovunjika. Mwombe muuzaji video: alishike mbele na nyuma, alikandamize kana kwamba analikunja. Likikwaruza ndani au likijikunja kirahisi, achana nalo, litamuumiza farasi mgongo. Kagua pia mikanda inayoshika mshipi wa tumbo: matundu yaliyochanika, nyuzi zilizooza. Hiyo ikikatika farasi akiwa mbioni, unaanguka wewe. Na upana? Lililomkaa vyema farasi wa muuzaji laweza kumbana wako mabegani. Kwa hiyo kubalianeni kwanza, kwa maandishi, siku za kulijaribu na kulirudisha. Akikataa, mwachie tandiko lake.