Kuanzia Bandarini: Mpangilio wa Ziara za Kihistoria katika Mji wa Kale wa Mombasa

Mada hii inahusu mpangilio wa ziara za kihistoria mjini Mombasa, yaani utaratibu unaoamua mgeni aanzie wapi, apitie wapi na amalizie wapi. Kwa kawaida watalii huteremshwa kwenye lango la Fort Jesus, ambako wenyeji hupaita Ngomeni, hukaa humo sehemu kubwa ya asubuhi, kisha hupitishwa mbiombio Ndia Kuu kwenye maduka ya vinyago kabla ya kurudishwa garini. Utaratibu huo una urahisi wake, hasa kwa madereva wanaotafuta mahali pa kuegesha, lakini unaipindua historia, kwa kuwa humwacha mgeni akidhani kwamba mji ulizaliwa na ngome, ilhali mji ndio uliosababisha ngome ijengwe, na uhai wa mji wenyewe ulitokana na bandari.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alikuta jamii ya Waislamu wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Vasco da Gama alitia nanga hapo mwaka 1498, na mwaka 1505 mji ukachomwa moto na jeshi la majini la Francisco de Almeida, ukajengwa upya, ukashambuliwa tena na Nuno da Cunha mwishoni mwa miaka ya 1520. Wareno walianza kujenga ngome mwaka 1593 tu, baada ya Mir Ali Bey, kamanda wa Dola ya Uthmaniya, kufika pwani hii mara mbili katika miaka ya 1580 na kuungwa mkono na miji kadhaa ya Waswahili. Kwa hiyo mgeni anayeanzia ngomeni huanzia katikati ya kisa.

Inapendekezwa kwamba ziara ianzie Bandari ya Kale, upande wa mashariki wa kisiwa, ambako majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalifika kwa pepo za kaskazi na kurejea kwa kusi, mpaka gati za maji makuu zilizojengwa Kilindini katika miaka ya 1920 zilipochukua sehemu kubwa ya biashara. Kutoka hapo mgeni apite vichochoroni hadi Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa wa mwaka 1570, na hivyo kuutangulia ujenzi wa ngome kwa zaidi ya miaka 20. Nyingi za nyumba zilizopo leo ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, lakini ufundi wake ni wa zamani zaidi: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zilizobebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko, ambayo urefu wake ndio uliopanga upana wa chumba, kiasi kwamba vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Mwongozaji akimwonyesha mgeni boriti moja tu, mengi yanajieleza yenyewe.

Hapo ndipo Ngomeni panapofaa kufikiwa. Waongozaji hupenda kueleza kwamba Giovanni Battista Cairati, msanifu wa Kiitalia, aliichora ngome kwa kufuata umbo la mwili wa binadamu, na maelezo hayo yana msingi. Ila buruji zake, yaani sehemu za ukuta zinazochomoza ili askari waweze kumpiga adui kutoka ubavuni, hazieleweki vizuri kwa mtu ambaye hajaiona njia ya maji iliyokuwa ikilindwa. Kuzingirwa kwa ngome na Waomani, kulikoanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698, husimuliwa kama ugomvi wa Wareno na Waarabu peke yao. Lakini maradhi yalipowamaliza Wareno waliokuwa ndani mwaka 1697, aliyeshika uongozi kwa muda alikuwa Bwana Daudi wa ukoo wa watawala wa Faza, na Wareno waliporudi mwaka 1728, wenyeji wa Mombasa ndio waliowaasi na kuwatoa mwaka uliofuata. Meli ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, ilichimbuliwa na wanaakiolojia kati ya 1977 na 1980, na vifaa vyake vimo katika makumbusho.

Kipindi cha Waingereza, walioifanya ngome kuwa gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, hutajwa kwa sentensi moja au hurukwa kabisa, jambo lisilo na udhuru. Utekelezaji wa pendekezo hili hauhitaji jengo jipya. Unahitaji waongozaji waliokulia mitaa hiyo walipwe kwa saa za mitaani kama wanavyolipwa kwa saa za ngomeni, ziara zipangwe kwa kuepuka nyakati za sala, na wenye nyumba waombwe ruhusa kabla ya milango yao kupigwa picha.